Mpangaji wa Miaka Mingi, Mkataba wa Mwezi kwa Mwezi

Nyumba ni ya mama yetu. Tangu alipoanza kuugua na kuhamia kwangu, mimi ndiye ninayeisimamia: napokea kodi, natafuta mafundi, nasikiliza malalamiko. Ndani yake aliishi fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, na sote tulimwita Mama Fundi. Alikuwa humo karibu miaka tisa. Mikataba yake ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, ikisainiwa upya kila unapoisha, mpaka ulipofika mwaka ambao mama alilazwa muda mrefu. Mwaka huo mkataba uliisha kimyakimya. Mama Fundi akaendelea kulipa, sisi tukaendelea kupokea.

Mambo yangebaki hivyo kama ndugu zangu wasingeanza kuzungumzia kuuza. Hakukuwa na mnunuzi, hakukuwa na bei, hata makubaliano ya kweli hayakuwepo. Kulikuwa na nia tu. Lakini nia hiyo ilitosha kufanya mkataba mwingine wa mwaka mzima uonekane mzigo. Mdogo wangu wa kiume alitaka tumpe Mama Fundi notisi ya kuhama, tupake rangi, tusubiri mnunuzi nyumba ikiwa wazi. Mimi sikukubali, na si kwa huruma peke yake. Nyumba tupu haiingizi kitu. Mabomba hukauka na kuanza kuvuja, panya huhamia, na mtu anapaswa kulipwa kuilinda. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeleta wazo la kati: abaki, ila kwa mkataba wa mwezi kwa mwezi.

Kwa asiyeufahamu, mkataba wa namna hii hauna tarehe ya mwisho. Unajirudia wenyewe kila kipindi cha kodi kinapoanza, mpaka upande mmoja utoe notisi. Wengi huuona kama mkataba mlegevu, wa watu wasiojuana. Si kweli. Kila kitu kilichomo kwenye mkataba wa mwaka kinaweza kuwemo humu pia: nani anatengeneza nini, amana ni kiasi gani, nani anaruhusiwa kuishi humo. Kinachobadilika ni mlango wa kutokea. Na mlango huo, nilichelewa kidogo kuuelewa vizuri, hautumiwi na mwenye nyumba peke yake.

Kabla ya kuzungumza na Mama Fundi nilikwenda kwa wakili, kwa sababu nilitaka kujua jambo moja: mtu ambaye mkataba wake umeisha na bado yumo ndani analipa, ni nani mbele ya sheria? Jibu lake lilinishangaza. Katika nchi nyingi, mtu huyo tayari ni mpangaji wa kipindi kwa kipindi, hata kama hakuna karatasi mpya. Alinipa mifano. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya mkataba kuisha, mpangaji akiwa bado ndani, basi unahesabiwa kuwepo mkataba wa mwezi kwa mwezi. Uingereza nako, kwa miaka mingi chini ya Sheria ya Nyumba ya 1988, muda uliopangwa ulipoisha na mpangaji akabaki, upangaji wa vipindi ulianza wenyewe. Kwa hiyo kimsingi tulikuwa tunataka kumpeleka Mama Fundi mahali alipokuwa ameshafika. Tulichokosa ni masharti yaliyoandikwa, na hapo ndipo ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba huzaliwa.

Wakili alinionya pia juu ya jambo la pili, na hili nalisisitiza kwa yeyote ambaye mkataba wake wa mwaka bado unaendelea. Huwezi kuubadilisha katikati kwa sababu tu umebadili mipango. Mwaka ulioahidi ni wa mpangaji mpaka uishe. Unaweza kumwomba, mkakubaliana na mkasaini. Huwezi kumwandikia barua ya kumjulisha kwamba kuanzia mwezi ujao mambo ni mwezi kwa mwezi. Barua ya hivyo haina nguvu, na ikifika mbele ya hakimu inakuharibia hata yale mengine uliyofanya vizuri.

Mdogo wangu, ambaye ni mtu wa haraka, alikuwa ameshapakua mfano wa mkataba kutoka kwenye intaneti. Ulikuwa umeandikwa vizuri kweli. Nilipousoma mpaka chini nikaona unataja vifungu vya sheria za California. Kule mwenye nyumba anatoa notisi ya siku 30 kwa mpangaji aliyekaa chini ya mwaka, na siku 60 kwa aliyezidi mwaka. Na tangu 2020, wapangaji wengi waliotimiza miezi 12 hawawezi kutolewa bila sababu inayotajwa na sheria. New York wana ngazi zao: siku 30, 60 au 90 kulingana na muda ambao mtu amekaa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotuhusu sisi. Sheria ya upangaji hufuata ardhi ambayo nyumba imesimama, na mkataba wa kuazima unaweza kukupa notisi fupi kuliko sheria ya kwenu inavyoruhusu, ukadhani uko salama. Tulibaki na mpangilio wa vichwa vya habari tu, mengine wakili akaandika upya. Malipo yake yalikuwa kama theluthi moja ya kodi ya mwezi, na katika gharama zote za safari hii ndiyo ambayo sijawahi kuijutia.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa magumu kuliko karatasi.

Nilikwenda mwenyewe, bila karatasi yoyote mkononi, kwa sababu mtu akiona karatasi anaacha kusikiliza na kuanza kutafuta mahali pa kusaini au pa kukataa. Nilimweleza ukweli wote: mama hatarudi kuishi pale, ndugu wanafikiria kuuza, hatujui lini, inaweza kuwa mwakani au isitokee kabisa. Alinisikiliza huku akikunja kitambaa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, mnaniuza mimi pamoja na nyumba?"

Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye niligundua kwamba lilikuwa swali zuri la kisheria kuliko yeye alivyokusudia. Katika sheria za nchi nyingi, nyumba ikiuzwa mpangaji akiwa ndani, mnunuzi hurithi upangaji ulivyo: anachukua kodi, na anabeba wajibu wa notisi na wa kurudisha amana. Yaani ndiyo, kwa maana fulani huuzwa pamoja na nyumba, na hiyo ni kinga yake. Nilipomweleza hivyo siku nyingine alicheka kidogo. Siku ile ya kwanza hakucheka. Wiki zilizofuata alinijibu kwa mkato, na salamu alizozoea kumtumia mama zikakoma. Iliniuma. Niliona tumemgeuza mtu wa nyumbani kuwa jina kwenye faili.

Hofu yake haikuwa kodi. Ilikuwa wateja. Fundi aliyekaa sehemu moja miaka tisa ana watu wanaofika bila kuuliza njia. Akipewa mwezi mmoja kuhama, atapata chumba cha kulala, lakini wateja wale hatawapata tena wote. Kwa hiyo aliporudi kwenye mazungumzo alikuja na ombi lake, nami namheshimu sana kwa namna alivyolipanga: yeye akitaka kuondoka atoe notisi ya mwezi mmoja, sisi tukitaka aondoke tumpe miezi mitatu.

Mdogo wangu alipandisha sauti. Aliona tunaonewa, kwamba notisi lazima ifanane pande zote. Mimi nilikuwa nimesoma kuhusu Ujerumani, ambako mikataba isiyo na mwisho ndiyo ya kawaida. Kule mpangaji hutoa notisi ya miezi mitatu hata akikaa miaka mingapi, lakini ya mwenye nyumba hurefuka kadiri mpangaji anavyokaa: mitatu mwanzoni, sita baada ya miaka mitano, tisa baada ya minane. Mantiki yake ni nyepesi. Aliyekaa sana ameotesha mizizi, na kuing'oa kunahitaji muda. Zaidi ya hapo, tulipopiga hesabu tuliona kwamba miezi mitatu haitudhuru. Uuzaji wa nyumba hauishi kwa wiki mbili. Kuna ukaguzi wa hati, mkopo wa mnunuzi, uhamisho wa umiliki. Miezi mitatu ingekwisha kabla ya makaratasi. Tulikubali. Kama unafikiria kubadili mkataba wa mpangaji wa muda mrefu, piga hesabu hiyo kabla ya kukataa chochote: unahitaji nyumba iwe wazi kwa haraka kiasi gani, kweli? Mara nyingi haraka yenyewe ni ya kuogopa tu.

Kabla ya kusaini tulifunga hesabu za nyuma. Hapa ndipo ningemshauri mtu atumie muda mwingi kuliko penginepo. Katika miaka yote hiyo mambo mengi yalikuwa yameamuliwa kwa mdomo, kati yake na mama. Aliweka wavu wa dirisha, mama akamwambia akate kwenye kodi. Alikata au hakukata? Pampu ya maji iliharibika, fundi akalipwa na yeye, alirudishiwa? Kodi ilipanda mara moja. Amana iliongezwa nayo? Mama hakumbuki tena vizuri, na nisingemsumbua. Mama Fundi alitoa daftari lake, la kurasa za mistari, alilotumia pia kuandika vipimo vya wateja, na humo mlikuwa na kila kitu kwa tarehe. Risiti za pampu zilikuwa zimebanwa kwa pini ya cherehani. Tukakuta hakuwahi kurudishiwa. Tuliandika ukurasa mmoja: hadi tarehe fulani, mpangaji hadaiwi kodi yoyote, mwenye nyumba anadaiwa fedha za pampu, zitakatwa kwenye kodi ya mwezi wa kwanza. Tukasaini wote wawili. Bila ukurasa ule, mkataba mpya ungebeba madeni ya zamani ndani yake, na siku ya kuachana kila mtu angekuja na kumbukumbu zake.

Amana nayo ilikuwa na mtego wake. Mkataba mpya ukisema tu "mpangaji atalipa amana ya kodi ya mwezi mmoja", mtu anaweza kudai alipe upya, au yeye adai alilipa mara mbili. Tuliandika wazi kwamba amana aliyolipa awali, tukataja kiasi na tarehe ya risiti, inahamia kwenye mkataba huu na hakuna nyongeza. Dada yangu alitaka aongeze ili ilingane na kodi ya sasa. Tukaliacha. Tulikuwa tumeshamwondolea uhakika wa mwaka. Kumwomba na fedha juu yake ingekuwa kuongeza chumvi kwenye kidonda.

Kisha tukakagua nyumba pamoja, chumba kwa chumba, kwa picha za simu. Nyumba iliyokaliwa muda mrefu bila ukaguzi ina tatizo lake: hakuna anayejua ufa ule ulikuwepo lini. Tulichokubaliana ni kwamba hali tunayoiona leo ndiyo mwanzo mpya. Rangi iliyofubaa, sakafu iliyolika pale cherehani ilipokaa, kitasa kilicholegea, vyote tuliviandika kuwa uchakavu wa kawaida ambao hautadaiwa. Rangi ya ukutani haidumu miaka tisa hata nyumba ikikaa na malaika. Mwenye nyumba anayetaka mpangaji wa zamani alipie rangi mpya anatafuta ugomvi atakaoshindwa.

Suala la kodi lilihitaji sentensi moja tu lakini ni sentensi muhimu. Kwa mkataba wa mwaka, kodi haiguswi mpaka mwaka uishe, isipokuwa mmeandika vingine. Kwa mwezi kwa mwezi, mahali pengi mwenye nyumba anaweza kuipandisha wakati wowote mradi atoe notisi inayotakiwa. Wapangaji wanalijua hili, na ndilo linalowafanya waone mkataba huu kama kisu mgongoni. Tuliandika kwamba kodi haitapanda kwa miezi 12 ya kwanza, na baada ya hapo si zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa notisi ya miezi miwili. Alipoisoma sentensi hiyo ndipo alipoomba kalamu.

Jambo jingine dogo linaloleta balaa: notisi inahesabiwa kutoka lini? Kodi yetu hulipwa tarehe mosi. Mtu akitoa notisi ya mwezi mmoja tarehe 10, je, anaondoka tarehe 10 ya mwezi unaofuata au mwisho wake? Kwa kawaida ya mikataba ya vipindi, notisi hukomea mwisho wa kipindi cha kodi, kwa hiyo anaondoka mwisho wa mwezi unaofuata. Lakini usitegemee kawaida. Tuliandika na mfano kabisa, tarehe kwa tarehe. Tukaandika pia kwamba notisi iwe barua yenye saini, inayokabidhiwa mkononi na kusainiwa kupokelewa. Ujumbe wa simu unaruhusiwa kama taarifa ya awali tu. Watu husema mengi kwenye simu saa nne usiku wakiwa na hasira.

Basi tukaishi hivyo, na kwa muda hakuna kilichobadilika. Salamu kwa mama zikarudi. Madalali wawili watatu walileta watu kuangalia nyumba, na kwa kuwa tulikuwa tumeandika kwamba mpangaji apewe taarifa ya siku moja kabla ya mtu kuletwa, Mama Fundi aliwapokea vizuri, hata akawaonyesha mahali mvua inapopiga kwa nguvu. Mdogo wangu hakufurahia hilo la mvua.

Halafu barua ikaja, ya mkono wake, mwandiko wa vipimo. Alikuwa amepata fremu barabarani yenye chumba nyuma, kitu alichokitafuta kwa miaka, na mwenye fremu hakutaka kusubiri. Alitoa notisi ya mwezi mmoja, ikahesabiwa kama tulivyoandika, akaondoka mwisho wa mwezi uliofuata.

Nitasema wazi kilichotupata, maana wanaosimulia mambo haya huwa wanaishia kwenye kusaini. Tulikuwa tumejipanga kwa siku ambayo sisi tungemwambia aondoke. Fedha za dawa za mama zilitoka kwenye kodi ile, na hatukuwa na akiba ya kufidia hata mwezi mmoja. Nyumba ilikaa tupu karibu miezi miwili. Tukalipa rangi, tukalipa dalali, tukalipa kijana wa kulala pale. Ukijumlisha na kodi tuliyoikosa, ilizidi kodi ya robo mwaka. Mtu akiniuliza sasa, namwambia: kabla ya kumpeleka mpangaji kwenye mwezi kwa mwezi, weka kando kodi ya miezi miwili hadi mitatu. Kama huwezi, mkataba huu bado si wako, hata kama unauza nyumba.

Kuachana kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotegemea. Tulitembea na zile picha, tukakuta kioo kimoja kimepasuka ambacho hakikuwemo. Akasema kikatwe kwenye amana, tukakikata, kilichobaki akapewa siku anakabidhi funguo, na akasaini kwamba amepokea. Tulisoma mita za umeme na maji tukiwa wote. Yote hayo hayakumaliza hata asubuhi moja.

Mpangaji aliyefuata ni kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Yeye hatukumwanzisha kwa mwezi kwa mwezi. Tulimpa miezi sita yenye mwisho, na ikiisha bila yeyote kusema kitu, mkataba unaendelea mwezi kwa mwezi kwa masharti yaleyale. Hilo limeandikwa ndani, kwa hiyo hatutajikuta tena hatujui mtu aliyemo ni nani kwetu. Notisi yake ni miezi miwili, yetu mitatu. Aliuliza kwa nini yake haikuwa mwezi mmoja kama alivyosikia ya aliyemtangulia. Nilimwambia ukweli, kwamba mwezi mmoja haututoshi kupata mtu mwingine. Akafikiri, akasema miezi miwili ni sawa kama tutamruhusu kutoka mapema pale atakapotuletea mpangaji wa kuchukua nafasi yake, naye awe mtu tunayemkubali. Sikuwa nimeliwaza hilo. Wakili aliliongeza kwa mstari mmoja, tukasaini nakala mbili, akaondoka na yake pamoja na risiti ya amana.